Sindano ya Luhende: Neno la Bagika na Bagalu kwa Mganga Mkuu wa Mkoa

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wetu wa Simiyu, mama yetu, waheshimiwa madiwani, baba paroko na mchungaji mliokaa chini ya turubai moja bila kusukumana, wazee, akina mama, vijana, na ninyi mliopanda juu ya trekta la watu ili muone vizuri: mwadila!

KARIBU KASOLI

Mimi ninayesoma ni Mektilda, katibu wa kundi la ngoma la Bagalu wa Mkula. Huyu aliyesimama begani kwangu, anayefuatilia kila neno kwa kidole, ni Mzee Mwandu, mwenyekiti wa Bagika wa Kasoli. Yupo hapo kuhakikisha sirukii mstari wowote unaowasifu Bagika. Hofu yake ina msingi.

Mama, ulipofika ulimuuliza diwani kwa nini makundi mawili yanasoma risala moja, naye akacheka tu. Tukujibu sisi. Kwetu hapa Bagika na Bagalu ni mahasimu tangu enzi za mababu. Hawachangii hata mti wa kufungia ng'ombe. Leo tumechangia karatasi kwa sababu tuna shida moja, na shida hiyo ina jina la mtu: Luhende, manju wa Bagika, mtunzi na kiongozi wa nyimbo zao. Ndiye yule uliyemwona akipuliza pembe ulipokuwa unashuka kwenye gari. Luhende anahitaji sindano kila mwezi, na sindano hiyo hapa Bariadi haipo. Mengine yote tutakayosema ni njia ya kufikia neno hilo. Lakini njia yenyewe ina raha yake, kwa hiyo tuvumilie.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kila mwaka pamba ikishauzwa, makundi yetu mawili hupiga ngoma kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hatuna jaji. Miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua, na kwa kuwa miguu ya watu haitabiriki, kila kundi lina dawa yake ya kuvuta watu, tunaiita samba. Baba paroko anajua, ila anajifanya hajui, nasi tunamshukuru kwa hilo.

Misimu kadhaa iliyopita Luhende alianza kukua. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anaota kama mahindi ya masika! Pete ya ndoa ilikataa kutoka kidoleni ikakatwa kwa msumeno kwa fundi baiskeli. Viatu vikapanda namba hadi wauza mitumba wa Nyashimo wakamchoka. Taya likatoka mbele, meno yakaachana, jasho likawa halikauki, na sauti ikashuka ikawa nzito hadi ngoma kubwa ikaona haya. Watu wakawa wanatoka mbali kuja kumtazama tu. Bagika wakafurahi mno. Wakasema samba yao imekolea, imemwingia manju mwilini. Alipolalamika kichwa kinamuuma, wakamwambia ukubwa jalala, avumilie.

Sisi Bagalu tulifanya nini? Tulimtungia wimbo, tena mzuri:

*Bagika, mmemlisha nini manju wenu?*
*Ameacha viatu, anavaa mitumbwi!*

Upande wetu nako hakukuwa salama. Nyanjige, mchezaji wetu hodari kuliko wote, aliolewa, na mwezi ukifuata mwezi mimba haikuingia. Siku zake zikakatika. Halafu maziwa yakaanza kumtoka, na hana mtoto wala mimba. Mama mkwe akaacha kupokea chakula mikononi mwake. Watu wakaanza kuuliza mtoto amemficha wapi. Bagika nao hawakulaza damu, wakatunga wa kwao. Wimbo huo Mzee Mwandu ameomba usisomwe, na hapo nakubaliana naye. Nyanjige alilia.

Kisha yakaja mambo ya macho. Kwenye bugobogobo, mama, tunarusha majembe juu na kuyadaka huku tunacheza, na jembe la jirani likikosea lazima ulione linakuja. Nyanjige hakuliona. Lilitokea ubavuni likamvunja bega. Msimu huohuo Luhende, akiwa katikati ya wimbo, alimkanyaga mpiga ngoma wake mwenyewe aliyekaa kulia kwake. Walikuwa wanaona mbele tu, pembeni giza.

Hapo kila kundi likajua limelogwa, na kila kundi likamjua mlozi. Bagika walisema Bagalu wamemfunga macho manju wao. Sisi tukasema Bagika wamelifunga tumbo la binti yetu. Mzee Machibya, mganga wa Bagika, akamchanja Luhende chale kwenye paji la uso, akamfukiza mvuke, akampa ugoro wenye dawa wa kuvuta puani. Sisi tulimpeleka Nyanjige kwenye maombi ya kufunga, na kwa kuwa hatupendi kuacha pengo, tulimpeleka na kwa mganga pia. Na kila upande ukawa unafukia dawa za kurudisha uchawi ulikotoka. Ilifika mahali mwenye shamba la jirani akilima anatoa vyungu badala ya visiki.

TULIPOKUTANA KWENYE BENCHI

Mgeni rasmi, sehemu hii haimo katika utaratibu wa risala, lakini bila hiyo hakuna risala.

Siku moja tulimpeleka Nyanjige hospitali Mwanza, kliniki ya macho. Tulikwenda ujumbe wa watu wanne, kwa siri. Kumbe Bagika nao wamempeleka Luhende, ujumbe wa watu sita, kwa siri! Tukakutana kwenye benchi moja, maana benchi lenyewe lilikuwa moja. Tukageuziana migongo. Muuguzi akauliza kama sisi ni familia moja, tukajibu kwa sauti ya kwaya: "Hapana!"

Wagonjwa wetu wakatolewa damu, wakaingizwa mmoja mmoja kwenye mashine ile kubwa inayogonga, inayopiga picha ndani ya kichwa. Picha zilipotoka, daktari bingwa, Dokta Athanasi, akatuita wote pamoja. Mzee Mwandu akasimama kabla ya kuambiwa.

"Daktari, sema tu. Nani kamroga mwenzake?"

"Hakuna aliyemroga mtu, mzee. Ni uvimbe."

"Kwa yupi?"

"Kwa wote wawili. Mahali palepale."

Mama, Bagika na Bagalu tukatazamana. Kisha Dokta Athanasi akachora kichwa kwenye karatasi, akatueleza kwa Kiswahili cha watu. Wewe unayajua haya kuliko sisi, lakini tunayasema kwa ajili ya hawa walioko juu ya trekta. Kila binadamu ana tezi ndogo, kama punje ya kunde, chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua. Inaitwa pituitari. Ni nyapara wa tezi nyingine: ndiyo inayoamuru mwili ukue, maziwa yatoke, siku za mwezi zije. Ikiota uvimbe, mara nyingi si saratani, lakini nyapara anaweza kuanza kutoa amri moja tu, bila kupumzika. Kwa Luhende amri ilikuwa "kua!" Kwa Nyanjige ilikuwa "toa maziwa!" Na kwa kuwa mishipa ya macho inapita juu yake, uvimbe ukipanda unaibana, mtu anapoteza kuona pembeni.

Basi tukauliza dawa. Daktari akasema Nyanjige atameza vidonge, mara mbili kwa wiki. Luhende atapasuliwa.

Eeh! Bagika wakawaka. Mzee Mwandu akagonga meza: "Yaani Bagalu wapewe vidonge, sisi tupewe kisu? Tumeikosea nini serikali?" Sisi, tukubali tu, tulitabasamu.

Daktari akacheka hadi akavua miwani. Akasema tezi ni ileile lakini uvimbe si uleule. Uvimbe wa maziwa, karibu wote unasinyaa kwa vidonge. Uvimbe wa ukuaji kwa kawaida hausinyai kwa vidonge vile, unaanza kwa kisu, na kinachobaki kinafuatwa kwa sindano, au kwa mionzi. "Ng'ombe wawili wanaohara," alisema, "mmoja kala sumu, mwingine ana minyoo. Utawapa dawa moja?" Hilo kila mtu alilielewa, na Mzee Mwandu akakaa.

Mzee Machibya naye alikuwa kwenye ujumbe. Akauliza: "Na dawa zangu, daktari?" Dokta Athanasi alimjibu kwa heshima: "Mzee, kwa uvimbe huu sijaona mzizi unaoupunguza. Lakini niambie umempa nini, nijue kama vitagombana na dawa zangu. Maombi endeleeni, yanampa mtu nguvu ya kungoja. Ila puani usimwekee kitu tena, kisu kitapita hukohuko." Machibya akasema maneno ambayo amekubali yasomwe leo: "Mimi dawa yangu inavuta watu. Uvimbe sijawahi kuuvuta." Tunaomba makofi kwa Mzee Machibya.

TULICHOSHINDA

Mgeni rasmi, sasa tunajisifu. Tunaomba usituonee haya.

Nyanjige alimeza vidonge vyake usiku baada ya kula, maana mwanzoni vilimtia kizunguzungu na kichefuchefu. Mume wake alivitazama vidogo vile akasema hivi haviwezi kumtibu hata kuku. Maziwa yakakauka. Macho yakafunguka: alikuwa anapepeta mpunga akapiga kelele kwamba anamwona mbuzi aliyeko mlangoni bila kugeuza shingo. Tulikwenda wote kumwona mbuzi huyo. Siku zake zikarudi, na mama mkwe akarudi mezani.

Luhende alipelekwa Dar es Salaam, akapasuliwa kupitia puani. Puani, ndugu zangu! Alirudi Kasoli kichwa chake kizima, hana mshono, hana kovu. Sisi Bagalu hatukuamini. Tulituma wazee wamkague utosini kama wanaotafuta kupe kwa ndama. Walipokosa kovu tukatangaza kwamba Bagika wametudanganya, mtu wao hakupasuliwa, alikwenda kutembea baharini. Hadi leo Mkula kuna mzee mmoja bado anadai aone kovu.

Lakini macho yake yalipona. Vidole vikapungua unene, jasho likakauka, akalala bila kukoroma, na mkewe akasema amesahau usiku ulivyo kimya. Taya limebaki vile, mfupa haurudi, nasi tumelizoea. Anameza kidonge kila siku cha kuziba pale tezi iliposhindwa, na anajua kwamba hakiachwi ghafla, hata akijisikia dume.

Kazi ilikuwa pembe. Daktari alikataza kupenga kamasi kwa nguvu, kuinama kubeba mizigo, na zaidi ya yote kupuliza pembe, hadi pale alipopasuliwa pakauke kabisa, maana maji ya ubongo yanaweza kuvuja puani. Sasa mwambie manju asipulize pembe, na pamba ndiyo inauzwa! Ndugu zake hawakujiamini. Luhende akiwaomba kwa ile sauti yake wangempa. Wakakaa kikao, wakaamua pembe ifichwe mahali ambapo hakuna Mgika anayeweza kuifikia.

Wakaileta kwangu.

Mama, pembe ya Bagika ililala katika nyumba ya Bagalu. Mababu zetu wangesikia wangekufa mara ya pili. Luhende alikuja mwenyewe kwa baiskeli kuiomba, akapiga magoti uani.

"Mayo Mektilda, mama yangu, nionje tu, mara moja."

"Hata ukilia."

"Kwani wewe unapata nini nikipona?"

"Nataka nikushinde ukiwa mzima. Kumshinda mgonjwa hakuna sifa."

Akalia kweli, sikumpa. Dokta Athanasi alipotoa ruhusa, tuliibeba ile pembe hadi uwanja wa Nyakabindi, Bagalu wote nyuma yangu, tukamkabidhi mbele za watu. Akapuliza. Watu walitoka upande wetu wote wakakimbilia kwake, wakatuacha na ngoma zetu. Tulishindwa vibaya sana siku ile, na sijawahi kufurahi kushindwa namna ile.

Tangu hapo makundi yote mawili tunaimba dalili kwenye nyimbo: pete inayobana, kiatu kinachopanda namba, maziwa bila mtoto, kichwa kisichoacha, macho yasiyoona pembeni. Tumesindikiza watu hospitali. Mmoja alikutwa hana ugonjwa wowote, ila anakula vizuri. Naye ni ushindi.

KINACHOTUUMA

Mgeni rasmi, kisu hakikumaliza. Kipande cha uvimbe wa Luhende kimekumbatia mshipa mkubwa wa damu, na daktari alikiacha kwa makusudi, maana kukigusa ni kumuua. Hicho ndicho kinacholazwa na sindano ya kila mwezi. Sindano ikipita mwezi wake, kipande kinaamka.

Sindano iko Mwanza, na si kila mara. Luhende anatoka hapa alfajiri, anapita Nyashimo, anafika, anaambiwa imeisha. Anarudi. Msimu huu amerudi mikono mitupu mara mbili mfululizo. Amekatazwa kuwaambia watu, amejikataza mwenyewe. Anasema ni uchovu wa kulima.

Si uchovu. Mke wake ametuambia usiku ameanza kukoroma tena. Pete mpya imebana. Na leo asubuhi, mama, ulipomnyooshea mkono kutoka kulia kwake, wewe ulidhani anaringa. Hakuuona. Luhende, kaka yetu, tusamehe kwa kukusema hadharani. Ulisema tusiseme, sisi tumekaa Bagika na Bagalu tukakukatalia.

Daktari ameeleza kuwa sindano zikishindikana kabisa, mionzi ipo. Lakini mionzi inachukua miaka kufanya kazi, na inaweza kuilaza tezi yote. Hatuikatai. Tunasema tu kwamba hata huyo anayengoja mionzi anangoja akiwa na sindano.

TUNACHOOMBA

Tuliandika maombi mengi, yakiwemo barabara na kisima. Mzee Mwandu akayafuta yote kwa kalamu yake, akasema mgeni akipewa mengi hubeba mepesi. Tumebaki na moja.

Sindano ile inakaa kwenye baridi, kama chanjo za watoto. Friji la chanjo Bariadi lipo, tumeliona, lina nafasi. Muuguzi wa kuichoma yupo, anachohitaji ni kuelekezwa, na Dokta Athanasi ameahidi kuja mwenyewe kumwelekeza. Tunaomba sindano ya Luhende iletwe Bariadi, ikae Bariadi, na ya mwezi ujao iwe imefika kabla ya mwezi huu kuisha. Akitokea mwingine kesho mwenye ugonjwa huu, aikute.

Sisi kwa upande wetu tutamfikisha kila mwezi. Zamu zimepangwa: mwezi wa Bagika, mwezi wa Bagalu. Hiyo nayo tumeshindania.

Mama, tunamalizia. Nyanjige alipopata mimba, daktari alimsimamishia vidonge akawa anampima macho hadi mwisho. Amejifungua salama, mtoto wa kiume, yule anayenyonya pale chini ya turubai. Haya maziwa yana mwenyewe. Siku ya kumpa jina wazee wetu wa Mkula walikaa tangu asubuhi. Tangu ngoma hizi zianze, hakuna mtoto wa Bagalu aliyewahi kupewa jina la Mgika. Nyanjige aliwasikiliza wote, kisha akasema jina alilochagua, na hakuna mzee aliyethubutu kumpinga.

Mtoto anaitwa Luhende.

Tunakuomba, mgeni rasmi, akue amkute wajina wake.

Mungu akupe njia nyeupe hadi nyumbani, ng'ombe wako wazae mapacha, na mvua isikukose shambani. Wabeja sana.

Ni sisi,
Bagika wa Kasoli na Bagalu wa Mkula,
katika karatasi moja kwa mara ya kwanza.